Ufa Nilioupaka Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Maji tena kitandani. Kitanda nimekihamisha mpaka kimekaribia kuziba mlango, sasa ninaingia chumbani kwangu ubavu-ubavu kama mwizi. Asubuhi jua kali, na nani huyo anapiga hodi? Wiki Ijayo, mwenye nyumba wetu. Jina lake halisi hakuna mpangaji anayelitumia. Hajawahi kuja mvua ikinyesha, hata siku moja! Akaingiza kichwa, akaitazama dari iliyokwisha kauka, akasema haoni tatizo, ila fundi atapita wiki ijayo. Kisha akanyoosha kiganja. Nilikuwa nimejizoesha mbele ya kioo kumwambia sitoi kodi mpaka paa litengenezwe. Nikatoa. Hata sijui mkono ulifikaje mfukoni.

Mchana mke wangu akapiga simu. Yuko kwa mama yake tangu ajifungue, na Jumamosi anarudi na mtoto. Tone moja likimdondokea mwanangu, akasema, nageuza na gari hilohilo. Nyuma yake nikamsikia mama mkwe akisema hata lisipodondoka. Mwanangu nimembeba mara moja tu, hospitalini. Jumamosi chumba lazima kiwe kikavu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Usingizi uliponikataa, akili ikafunguka. Wiki Ijayo huja wakati wa jua, na kwenye jua uvujaji hauonekani. Basi anahitaji balaa linaloonekana mchana kweupe. Na mimi kazi yangu ni nini? Mchora mabango! Ngazi ninayo, rangi ninazo. Nitamchorea ufa.

Mlinzi wa chumba cha mwisho, anayelala mchana na kutoa ushauri jioni, amesema bati langu limeteleza tu, nipande niligongelee msumari. Nimemjibu bati ni la mwenye nyumba, na msumari ni wa mwenye nyumba. Mimi nina msimamo. Mama Cherehani, fundi nguo wa chumba cha pili, naye bati lake linavuja juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nikamdokezea kwamba nina mpango. Akasema yeye anasubiri mvua. Anasubiri mvua! Nilicheka mpaka nikakohoa.

Jumatano, 5 Machi

Kazi imekamilika. Ufa unaanzia juu ya mlango, unakata dari, unashuka ukutani hadi dirishani. Nimeutilia kivuli. Nimechora hata vipande vya plasta vilivyoning'inia. Nikatoka kunywa maji, niliporudi nikashtuka mwenyewe! Mlinzi alikuja kuazima chumvi, akatazama juu, akaondoka bila chumvi. Jioni kabeba godoro lake hadi uani. Nimempigia simu Wiki Ijayo nikitetemesha sauti. Amesema atakuja kesho. Kesho! Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja. Kafungua mlango, katoa macho, karudi nyuma akamkanyaga mlinzi. Moyoni nikapiga vigelegele. Kisha akasema, polepole, bila kunitazama:

“Kijana, humu halali mtu tena.”

Sio fundi. Sio bati. Niondoke! Jumamosi asubuhi anakuja na kufuli. Nikamwambia labda ufa si mkubwa kiasi hicho. Akasema nataka kufia kwenye nyumba yake nimletee kesi. Nikamuuliza kodi yangu ya mwezi mzima. Hiyo, akasema, tutaizungumza wiki ijayo. Akapita kwa Mama Cherehani, akapimwa suruali atakayovaa kwenye harusi ya bintiye, akaenda zake. Jumamosi hiyohiyo mke wangu anashuka na mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejikaza kisabuni. Ufa lazima ufutike. Mkono wa kwanza wa rangi nyeupe: ufa unaonekana. Mkono wa pili: bado unachungulia. Nilitumia rangi nzuri mno, ndiyo shida ya kuwa na kipaji! Nyeupe ikaniishia nikiwa dirishani, ikabidi nichukue ile ya bango la duka la dawa ambalo lilipaswa kuwa tayari leo. Mwenye duka kapiga simu. Sikupokea. Kapiga tena. Mkono wa tatu, na mabega hayanyanyuki. Naogopa. Mke wangu kaniuliza kama paa liko tayari. Nimemwambia mambo yanakwenda vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Wiki Ijayo kaja na kufuli mkononi. Akatazama ukuta. Akaupapasa. Akagonga kwa kidole. Akauliza kama nimeuziba mwenyewe. Hapo ningeweza kusema kweli. Nikatikisa kichwa kukubali. Kanipa mkono! Kasema siku nyingi anatafuta mpangaji kama mimi. Tangu leo matengenezo ya chumba hiki ni yangu, na kwa kuwa kimekuwa kipya, kodi itapanda.

Akapita kwa Mama Cherehani kujaribu suruali. Mvua ikashuka. Kasimama juu ya kigoda, kabanwa pini kila mahali, hawezi kuruka, na maji yanamchuruzikia kichwani hadi kwenye suruali ya harusi. Mama Cherehani aliendelea kupima pindo. Kabla mvua haijakatika fundi alikuwa juu ya paa la Mama Cherehani. Fundi wa kweli! Nikakimbia kuuliza na langu je. Wiki Ijayo kasema langu nimekwisha litengeneza.

Ndipo mke wangu akafika, mtoto kamfunika kwa kanga. Dari yangu ilikuwa ikibanduka vipande vyeupe, vinaangukia kitandani. Nikamweleza yote, mlangoni, mvuani. Hakupaza sauti.

“Ngazi imesimama hapa wiki nzima,” alisema. “Umepanda ukachora. Hukuweza kwenda nayo nje?”

Akaingia kwa Mama Cherehani. Ameniambia atakaa huko hadi Jumatano. Chumba kikiwa bado kinavuja, anarudi kwa mama yake, na safari hii na vyombo.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu analia upande wa pili wa ukuta, kisha ananyamazishwa na watu wengine. Nimelia kidogo na mimi. Nawapenda wale watu wawili, naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kumwambia.

Kisha nikakaa nikatafakari kosa langu, kwa utulivu, kama mtu mzima. Nimeliona. Kosa lilikuwa ufa! Ufa unatisha. Ningechora matone. Matone makubwa, yanayong'aa, ambayo hata kwenye jua kali hayakauki. Wiki Ijayo anapita Jumanne kuchukua nyongeza ya kodi, na rangi ya buluu ninayo.

Mlinzi kaja tena. Kaacha msumari na nyundo mlangoni, kaenda kulala. Nimevisogeza pembeni kwa mguu ili nipitishe ngazi. Naiingiza ndani.