Jinsi Mama Spéciose Alivyomfuta Mfalme Jasho

Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025. Asubuhi ile theluji ilikuwa imejaa Toronto hadi magotini, na upepo haukumhurumia mkubwa wala mdogo.

Sogeeni, enyi wenye masikio. Na Wewe Mola uliyebomoa kuta kwa tarumbeta, nijalie pumzi niisimulie siku ambayo Mama Spéciose, simba jike wa mtaa wa Kingsview Village, mtunza wazee, mfunga siku tatu bila maji, alitenda jambo mbele ya watu elfu mbili.

Mwanawe Landry, mwenye sauti ya juu kuipita ya kina mama, alikuwa mfalme katika opera, mchezo wa kuigiza kwa kuimba, uliotungwa miaka mia tatu iliyopita. Lakini mwongozaji, mtu wa mambo ya kisasa, alimnyang'anya mfalme jumba na taji, akamweka katika duka la kufulia nguo, ndani ya koti zito la baridi, chini ya mataa makali, aulilie ufalme wake mbele ya mashine nane zinazozunguka. Katika maonyesho mawili yaliyotangulia watu walikuwa wamemzomea. Ndipo asubuhi ile akamwambia mama yake: "Wakinizomea na leo, Jumatatu naenda kuanza kazi ghala la vifurushi. Kuimba basi."

Saa nane mchana pazia likafunguka, na vita vikaanza. Kulia, jeshi la wazee wa suti waliodai manyoya na dhahabu. Kushoto, jeshi la vijana wa miwani minene, waliopiga makofi hata mashine ilipokamua nguo. Landry akaufikia wimbo mkuu. Jasho likamwingia machoni, sauti ikayumba.

"Aibu!" akanguruma mzee mmoja wa mkongojo, na kuzomea kukaanza.

Mama Spéciose akachomoa leso. Kanisani kwao mwimbaji akilowa jasho hufutwa. Asiyefutwa hana ndugu.

"Mama Landry, keti!" akanong'ona Évariste, kiongozi wa kwaya yao, akimvuta koti. "Hapa si kanisani. Watatuitia polisi!"

"Waite na jeshi! Ewe Évariste, jemadari wa wali wa harusi! Nimzae, nimvushe mipaka mitatu, kisha azame kwenye jasho nikimtazama?"

"Basi ngoja amalize!"

"Amalize nini? Si huyo anaanza upya!"

Kweli, kwa desturi ya opera zile, mfalme alikuwa ameurudia wimbo toka mwanzo, na marudio hayo yakampa shujaa nafasi. Akavuka magoti kumi na manne ya walioketi safu yake, kila goti ngome, ngao yake neno "samahani". Akapanda ngazi zilizowekwa ili waimbaji washuke kati ya watu. Akamfuta mwanawe paji, macho na shingo, taratibu, kama afutaye meza ya Bwana. Landry akafumbua macho, na sauti iliyomtoka ikazifunika mashine zote nane.

Ukumbi mzima ukasimama. Vijana wakapaza sauti kwamba hakujapata kutokea mwongozaji mbunifu hivi. Mzee wa mkongojo, akipenga kamasi, akamweleza mkewe kwamba leso ile ni rehema, na ndivyo opera ilivyokuwa enzi zake. Mwongozaji mwenyewe akainama kupokea sifa, huku akimtazama kwa pembe ya jicho yule mama asiyemjua.

Iandikwe basi kwamba majeshi mawili yasiyosalimiana yalipatanishwa na kipande cha pamba.

Nyuma ya pazia, mbele ya waimbaji, wapiga fidla na Évariste, mfalme akapiga goti.

"Mama, hawa wote mashahidi: Jumatatu siendi ghalani. Nitaimba. Na leso nitabeba yangu mwenyewe."