Wakili wa Madume Wawili

Mwaka ule intaneti ilipofika Manundu, mjini Korogwe, kila mwenye shati la kola akawa mtaalamu. Mustapha hakuwa na shati moja tu la kola, alikuwa nayo mawili. Siku hiyo, kwenye duka la kompyuta, aliona kadi zikitoka kwenye printa: "Siamanta, Viatu vya Ngozi na Shanga, Handeni." Chini yake jina la tovuti. Mwenye kadi alikuwa amekwenda kula, na jina lenyewe lilikuwa halijaandikishwa. Mustapha akamhurumia mama wa watu, akaliandikisha yeye, kwa jina la Petro wa Dar es Salaam, mtu ambaye Mungu hakupata kumuumba.

Mama Siamanta aliporudi akaambiwa jina limeshachukuliwa na Petro wa Dar. Kadi mia tano mkononi, na mnunuzi wa Ulaya, aliyeviona viatu vyake alipokuwa mgeni kule Lutindi, alishasema ataagiza kupitia tovuti mwisho wa mwezi, la sivyo atatafuta kwingine.

"Shikamoo, mama." Mustapha alijitokeza, tai shingoni. "Mimi ni wakili wa kesi za tovuti."

"Marahaba. Jina nilipewa na bibi yangu. Huyo Petro kalipataje?"

"Sheria ya mtandao haimjui bibi. Aliyeandikisha kwanza ndiye mwenye mali."

"Hata kama watu wote wanajua ni langu?"

"Hata kama ng'ombe wako wanajua. Lakini nikimpelekea madume wawili, atalegea."

Mama akafikiri, akamwambia awafuate zizini. Siku ya tatu Mustapha akafika Handeni na lori la kukodi. Madume walikuwa wanene, kila mmoja na chapa ya moto pajani.

"Nikuandikie karatasi kwamba nimekupa?"

Wakili wa kweli angedai nakala tatu. Wakili wa aina ya Mustapha huikimbia karatasi kama mbuzi anavyoikimbia mvua.

"Mimi na wewe, mama, karatasi ya nini?"

"Haya. Yule mweupe anapiga teke."

Kwenye geti la mifugo la kuingilia Korogwe, mkaguzi Yordani alilizunguka lori polepole.

"Kibali cha kusafirisha?"

"Kinakuja."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wangu."

"Chapa hii imeandikishwa kwa Siamanta wa Handeni. Ndiye wewe?"

Mustapha, aliyekuwa na jibu la kila swali tangu darasa la pili, akakaza tai. Askari alikuwa ameshaitwa na pingu zimeshatoka wakati basi la Handeni liliposimama, Mama Siamanta akashuka bila haraka.

"Mama, waambie ulinipa."

"Karatasi iko wapi? Si ulinifundisha mwenyewe? Aliyeandikisha kwanza ndiye mwenye mali."

"Nitazungumza na Petro leo hii hii."

"Dar mbali, mwanangu. Rumande karibu."

Mustapha akalegeza tai. "Petro ni mimi."

"Najua. Mwenye duka alinieleza nani alikaa kwenye mashine nilipokwenda kula."

Wakaenda Manundu, askari nyuma yao. Kabla ya adhuhuri jina lilikuwa limehamia kwa mwenyewe. Waliporudi getini, Mama akachomoa karatasi kwenye shuka yake, akampa Yordani. Kilikuwa kibali cha juzi: madume wawili, mali ya Siamanta, kutoka Handeni kwenda mnada wa Korogwe, msindikizaji, Mustapha.

"Huyu si mwizi," akasema. "Ni mtu wangu. Kanifikishia ng'ombe mnadani."

Mustapha akakohoa. "Na lori, mama? Nimelikodi mimi."

"Mdai Petro."