Ombi la Kuahirisha Ujio Wako Mpaka Kompyuta Iache Kuchelewa

Chumba cha Nyuma,
Mkabala na Jiko.
Jumatano, saa nne asubuhi.

Kwa Mama Mkwe, Mheshimiwa Sana,

YAH: KUBATILISHWA KWA PAMBANO LA NDONDI LA JUMAPILI

Shikamoo, mama. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, mguu umeunyoosha juu ya stuli kama daktari alivyoagiza. Kama umesimama, tafadhali kaa kwanza, maana ninayotaka kusema ni mazito na goti lako bado halijazoea habari.

Nimeelezwa na binti yako, ambaye ni mke wangu, kwamba Jumamosi hii unahamia kwetu, kwa kuwa kwako kuna ngazi thelathini na nane na goti lililopasuliwa halizitaki tena. Hilo sina ubishi nalo. Nimeelezwa pia kwamba chumba utakacholala ni hiki cha nyuma, ambamo mimi, fundi saa kwa miaka ishirini na sita, nimeweka kompyuta yangu ya kuchezea gemu, kiti chake kinachozunguka na taa zake za rangi tatu. Hapo ndipo nimeshika kichwa. Naandika kukata rufaa.

Usinione mtu wa roho mbaya. Mimi mwenyewe ndiye niliyependekeza jambo hili liamuliwe kiungwana. Jumapili iliyopita nilimwambia binti yako tupande ulingoni, kwenye gemu ya ndondi, raundi tano. Nikishinda mimi, chumba kinabaki changu na wewe tunakutandikia kochi la sebuleni. Akishinda yeye, chumba ni chako. Gemu hiyo nimeicheza miaka minne. Yeye alikuwa hajawahi hata kuipangusa vumbi. Kwa hiyo utaona, mama, kwamba nilikupa nafasi sawa kabisa.

Nilipigwa. Niliangushwa mara nne mbele ya shemeji yangu, mdogo wake, aliyekuwa mwamuzi, na mara ya tano nilijilaza mwenyewe ili yaishe. Sitaki kurefusha maelezo. Sababu ni moja tu: kompyuta inachelewa kuitika. Nabonyeza ngumi, ngumi haitoki. Inapotoka, taya niliyoilenga imeshaondoka zake. Mtu hawezi kunyang'anywa chumba kwa mashine isiyosikia. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kwamba kasoro hiyo ipo, na nimeipima. Mama, wapo watu wanaosema kompyuta yao nzito kama wanavyosema mvua nyingi, kwa kukisia. Mimi si wa hao. Ninayo ile saa ya waamuzi wa mbio, yenye kitufe cha kuanzisha na kusimamisha. Mkono wa kulia nabonyeza ngumi kwenye kibodi, wa kushoto naanzisha saa papo hapo. Nikiona ngumi imetoka kwenye skrini, nasimamisha saa. Nimefanya hivyo mara mia mbili na kumi na nne, na kila jibu nimeliandika kwenye daftari. Ukiigawa sekunde moja vipande mia, kompyuta yangu inachelewa vipande thelathini. Vipande thelathini! Kwa muuza viatu hicho si kitu. Kwa fundi saa ni matusi.

2. Kwamba fundi wa kompyuta amenidharau. Tulimwita Fundi Waya, mwanamke wa mtaa wa pili, anayeitwa hivyo kwa sababu hutamkuta hata siku moja bila waya shingoni. Alikaa, akafungua, akafunga, akabonyeza bonyeza, akasema mashine nzima. Nikamwonyesha daftari langu. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza kama nimewahi kuipima taa. Nikauliza taa ipi. Akasema yoyote, nibonyeze swichi na nipime taa inachukua muda gani kuwaka, kisha nilinganishe. Nauliza, mama, na nataka unijibu kwa haki: mgonjwa ni kompyuta, taa inahusika vipi? Taa haina kibodi. Taa haipigani ndondi. Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote.

3. Kwamba nimefanya kila lililo katika uwezo wa binadamu. Nimebadilisha kibodi mara tatu. Kipanya kisicho na waya nimekiondoa, nimeweka chenye waya, kisha chenye waya mfupi zaidi ili amri isisafiri mbali. Nimezima programu zote zinazojiwasha zenyewe, hata ile ya saa, jambo lililoniuma kitaaluma. Skrini nimeiwekea mpangilio wa gemu, picha ikapauka, nikavumilia. Nimeipuliza vumbi, tumboni mwake mlitoka makombo ya biskuti na kifungo cha shati nilichokitafuta mwaka mzima. Mwisho nikaifuta yote na kuipanga upya tangu mwanzo. Katika kufuta huko zilikwenda pia picha za harusi yetu, pamoja na ile ambayo wewe umevaa kilemba cha zambarau na umependeza kupita bibi harusi. Naisikitikia sana. Lakini ujue imekwenda kwa kutafuta haki.

4. Kwamba nyumba nzima hainipi ushirikiano. Nilihisi umeme wetu unagawanywa kwa watu wasiostahili, nikaagiza vizimwe vyote ninapocheza: pasi, feni, friji na cherehani ya umeme ya binti yako. Cherehani ilizimwa katikati ya gauni la mteja, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado. Friji nayo ilisahaulika siku nzima, nyama ikaharibika, na shemeji akakusanya mabegi yake akasema anarudi kwake mpaka watu wapone. Hakusema watu gani. Pamoja na kujitolea huko kote, kipimo kilibaki vipande thelathini vile vile, hakikupungua hata kimoja.

5. Kwamba ushindi wa binti yako ni batili. Najua utakachosema, mama, kwa sababu yeye ameshakisema mara nyingi: kwamba tulicheza kwenye kompyuta moja, skrini moja, siku moja, na kwamba yeye alishika padi kuukuu ya kuchezea, yenye kitufe kilichofungwa kwa gundi ya karatasi, ilhali mimi nilikuwa na kibodi mpya. Hoja hiyo haina miguu. Kuchelewa humdhuru anayejua anachokifanya. Mimi napanga ngumi zangu, kwa hiyo ngumi ikichelewa mpango wote umeharibika. Yeye alikuwa akibonyeza chochote huku akimwambia mdogo wake habari za harusi ya jirani. Mtu asiye na mpango utamcheleweshea nini? Kwa maneno mengine alinishinda kwa sababu hajui kucheza, na hilo haliwezi kuwa kosa langu.

6. Kwamba ulegevu huu umeenea kila mahali na hakuna anayechukua hatua. Sikutaka kuligusa jambo hili, lakini kwa kuwa nimeshaanza nitalimaliza. Skrubu za saa za kike siku hizi zinaruka zenyewe kwenye koleo. Zamani zilikuwa zinatulia. Tangu mwezi wa pili nimeacha kupokea saa ndogo, nawaambia wateja warudi nazo viwanda vitakapojirekebisha. Glasi nazo zimebadilika: juzi moja iliteleza mezani mbele ya macho yangu, nikanyoosha mkono, ikawa imeshafika chini. Glasi za zamani zilikuwa zinakungoja kidogo. Binti yako aliokota vipande, na mimi nikamwambia wazi kwamba vyombo vya siku hizi ni takataka.

7. Kwamba, kwa heshima zote, huenda ni wewe. Nisamehe, lakini daftari halina aibu. Nilianza kuona ngumi zinachelewa mwezi wa pili. Mwezi wa pili huo huo ndipo wewe ulipopiga simu kusema goti limeanza kuuma. Mwezi wa tano ukapasuliwa, na mwezi wa tano nikashindwa na kompyuta yenyewe, iliyopangwa kwenye kiwango cha wanaoanza. Jumapili iliyopita ndipo ilipotajwa siku yako ya kuhamia, na Jumapili hiyo hiyo nikaangushwa mara nne. Sisemi umefanya jambo. Nasema kwamba ukiwa mbali hali ni hii, na mtu mwenye akili timamu lazima ajiulize itakuwaje ukishalala ndani ya chumba chenyewe.

Kutokana na hayo naomba, kwanza, pambano la Jumapili lifutwe na kuhesabiwa kwamba halikuwahi kupigwa. Pili, uahirishe ujio wako hadi kompyuta itakapoitika kama zamani, ambayo kwa makadirio yangu ni miezi mitatu, minane ikibidi. Katika muda huo ngazi zako zipande kidogo kidogo. Thelathini na nane ukizigawa kwa siku ni chache kuliko zinavyoonekana. Tatu, uniandikie hati fupi, yenye sahihi yako, ukithibitisha kwamba binti yako alikuwa na mikono myepesi tangu utotoni na kwamba ulilijua hilo siku ya kuniozesha ukanyamaza. Hati hiyo nitaibandika ukutani juu ya kompyuta.

Sina shaka utalipokea ombi hili kwa moyo ule ule ulionipokea nao nilipokuja kwako mara ya kwanza na saa ya ukutani mkononi badala ya maua, ukasema angalau huyu anakuja na kitu kinachotembea. Sijasahau. Ndiyo maana nimeandika kwa upole.

Wasalimie majirani wa ghorofa yako wote, wanaokubebea maji na wasiokubebea. Msalimie yule muuguzi anayekufundisha kukunja mguu. Goti lenyewe lipe pole zangu, uliambie halina makosa, ukiacha yale ya kifungu cha saba.

Mimi mkweo, mwenye haki na mwenye subira,

Fundi Saa.

Nakala: Binti yako, kwa taarifa.
Shemeji, mwamuzi, ajirekebishe.
Fundi Waya, aone aibu.

Nyongeza, baada ya kuweka sahihi:

Mama, nilitaka kumfunga mdomo Fundi Waya moja kwa moja, nikasema ngoja niipime hiyo taa yake niweke jibu hapa chini. Mkono wa kulia kwenye swichi ya ukutani, wa kushoto kwenye saa. Taa ikawaka, nikasimamisha. Vipande ishirini na saba. Nikasema loo, kumbe hata umeme umeoza, nikaanza kuandika kifungu cha nane. Kisha nikarudia mara arobaini, na jibu likawa lile lile.

Binti yako alikuwa akipita na gauni la mteja begani, akauliza mbona nawasha na kuzima taa mchana. Nikampa saa ajaribu. Taa ile ile, kwake vipande kumi na tisa. Nikamkalisha kwenye kompyuta, kibodi ile ile, ngumi ile ile. Ishirini na viwili. Nikachukua daftari nikapiga hesabu, na hesabu ni ndogo kiasi kwamba hata naona aibu kuiandika: thelathini ukitoa ishirini na saba vya taa, kompyuta inachelewa vipande vitatu. Vilivyobaki vilikuwa vyangu. Nilikuwa napima macho yangu na mkono wangu mara mia mbili na kumi na nne, nikiviita kompyuta.

Niliogopa, mama. Nilikaa kwenye kile kiti nikaitazama mikono hii ambayo ndiyo duka langu lote. Binti yako hakucheka, na alikuwa na haki ya kucheka mpaka Jumamosi. Alisema anajua tangu mwezi wa pili. Kumbe kila nikifunga kazi hupita na sumaku chini ya meza yangu, huokota skrubu zilizoruka na kuzirudisha kwenye kopo kabla sijaziulizia. Mimi nilidhani kopo haliishi. Jumatatu ananipeleka hospitali wakaniangalie macho na mikono, na nimekubali.

Barua hii nilitaka kuichana. Amenikataza, anasema itumwe nzima pamoja na kifungu cha saba, kwamba goti linataka mtu wa kucheka. Picha ya kilemba cha zambarau anayo yeye kwenye simu yake, nayo alikuwa ameninyamazia.

Njoo Jumamosi. Kompyuta nimeihamishia sebuleni, kando ya lile kochi nililokupangia wewe. Chumbani kwako nimefunga bomba la kushikilia, kutoka kitandani hadi mlangoni, sawa na kiuno chako. Usiwe na wasiwasi na urefu wake: aliyepima ni binti yako, mimi kwa sasa nimepumzika kupima.