Choo cha Ofisi Hakitunzi Siri

Jumatatu, 13 Novemba

Leo nimepata wazo! Naliandika hapa kabla halijaibwa, maana Marijn anakaa meza ya jirani na ana masikio ya sungura.

Hali ni hii. Idara yetu hupima maji taka ya mji wa Leeuwarden ili kujua virusi vimezidi mtaa gani. Wakati wa janga tulitajwa redioni kila asubuhi. Sasa hakuna anayetaka kutusikia. Watu wamechoka na ugonjwa, na wamechoka zaidi na wanaouzungumzia. Jumanne ya wiki ijayo kamati ya serikali inatoka Hague kuamua kama idara ibaki au ifungwe. Ikibaki, kuna nafasi moja ya kudumu. Makarani wa mkataba tuko wawili, mimi na Marijn Oosterling. Mkataba wangu unakwisha na mwaka. Wa kwake pia, lakini yeye anapiga mluzi. Mimi silali.

Wazo: tupime jengo letu wenyewe! Mashine ndogo ya kuchota sampuli kwenye bomba la maji taka la uani. Kamati ione kwamba tunaweza kumnasa hata mgonjwa mmoja. Nimemweleza mkuu wetu, Daktari Renske Vellinga. Akaweka kikombe chini. "Tjibbe," akasema, "hiyo ndiyo akili." Mbele ya watu! Marijn akadai hata yeye alikuwa akiliwaza jambo hilo hilo tangu Ijumaa. Mwongo mkubwa.

Mashine inafungwa kesho asubuhi.

Jumanne, 14 Novemba

Koo linawasha. Nimejipima virusi kabla ya kifungua kinywa. Mistari miwili: ninavyo.

Mistari miwili! Leo!

Tangazo la mlango wa ofisi, lile la "Ukikohoa, Baki Nyumbani", nimelitunga mimi. Hata mchoro ni wangu: mtu kitandani, paka miguuni. Lilipitishwa na kamati tatu, na moja ilijadili paka peke yake. Lakini nikibaki nyumbani, Marijn ndiye atakayesimama mbele ya wageni wa Hague. Nimekwenda kazini. Peremende nyeusi za chumvi mfukoni, zinazuia kikohozi. Nimefungua dirisha. Wenzangu wakalalamikia baridi, nikajibu kwamba hewa safi ni sera ya idara. Ni kweli. Ukurasa huo pia niliuandika mimi.

Saa nne nikabanwa. Nikafika mlango wa choo, nikashika kitasa, nikaganda. Mashine! Kila nitakachokiacha humu kitakwenda maabara kunishitaki. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kuhusu mtega bomba hawakusema kitu.

Nimerukia baiskeli mpaka kwa mama, mtaa wa Bilgaard. Akafungua mlango: "Makubwa! Leo mwanangu kanikumbuka!" Nikampita mbio, uso nimefunika kwa skafu. Nilipotoka akaniuliza hata kahawa sinywi. Nikasema kazi nyingi. Akasema, "Kumbe umekuja kukitembelea choo. Basi kesho nitakusalimia kupitia tundu la ufunguo."

Jumatano, 15 Novemba

Upepo wa mbele wakati wa kwenda. Upepo wa mbele wakati wa kurudi. Ni Friesland tu, jimbo letu, ambako jambo hili linawezekana.

Safari tatu kwa mama. Ofisini nimesema natembea kidogo kwa ajili ya afya, kama wizara ilivyotuhimiza wakati wa janga. Marijn akauliza inakuwaje mtu atembee kwa miguu arudi na grisi ya mnyororo kwenye suruali. Nikajifanya nimeitwa na simu. Simu ilikuwa imezimwa. Ameona.

Mama amepika supu ya njegere, ile nzito ya kusimamisha kijiko. Nimeikataa. Supu ikiingia lazima itoke, na miguu yangu haiwezi safari ya nne. Mama amenuna. Amesema baba yake alivuka mfereji ulioganda kwa ajili ya supu hiyo.

Kesho siku yangu ya kuzaliwa. Nimenunua keki. Hapa kwetu mwenye sikukuu ndiye anayeleta keki, na asiyeleta husemwa mpaka astaafu.

Alhamisi, 16 Novemba

Maafa.

Nilikuwa nimejipanga vizuri. Tangu janga, ofisini hatubusiani tena. Tunapungiana mikono kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Mwongozo wa salamu bado uko kwenye rasimu, na rasimu iko mezani kwangu, chini ya vitabu, nilikoiweka makusudi. Nilitegemea niweke keki katikati, nipunge mkono, nikae karibu na dirisha.

Viti vikapangwa duara. Kama desturi yetu, kila mtu akaanza kumpongeza kila mtu kwa sababu mimi nimezaliwa. Mara Marijn akasimama kwenye kiti. "Jamani, mpaka lini? Janga limekwisha! Busu tatu, kama zamani!" Akanirukia wa kwanza. Shavu hili, shavu lile, shavu hili tena. Nikasema rasimu haijapita. Akasema, "Acha woga, Tjibbe, hii ni sikukuu, si semina!" Nyuma yake Daktari Renske, macho yamelowa, akisema hakujua alivyokuwa amezikumbuka. Halafu duara zima.

Nimebana pumzi mpaka nikaona nyota. Wakadhani nimeguswa moyo. Mmoja akanipa leso.

Ijumaa, 17 Novemba

Matokeo ya kwanza ya bomba letu yamefika. Safi! Hakuna hata chembe. Nimekwenda stoo nikacheza peke yangu kati ya masanduku ya glavu.

Nikarudi nikamkuta Daktari Renske ameshika kichwa. Akasema tumekwisha. Tutaionyesha nini kamati, bomba tupu? Akasema hiyo ndiyo laana ya kazi yetu: tusipokuta kitu tunaitwa wapoteza fedha, tukikuta tunaitwa wachelewaji. Kisha akatazama dari. "Laiti ningekuwa na mgonjwa mmoja! Mmoja tu! Hata mwenye mafua ya kuona haya!"

Nilikuwa nimekaa mbele yake. Mgonjwa mwenyewe.

Juma zima nimebeba wokovu wa idara kwa baiskeli, dhidi ya upepo, nikaupeleka kwa mama.

Jumamosi, 18 Novemba

Jengo limefungwa mpaka Jumatatu. Nimelizunguka kwa baiskeli, nikijaribu madirisha. Mlinzi akauliza nimesahau nini. Ningemwambia nini?

Nimejipima. Mstari wa pili umefifia. Napona! Sijawahi kuiogopa afya yangu kiasi hiki.

Jumatatu, 20 Novemba

Jana nilikwenda kwa mama nikala supu yote. Akafurahi, akaniongezea mkate mweusi. Leo chai, kahawa, chai. Nimeingia choo cha ofisi tangu asubuhi, natoka kwa ajili ya kunywa tu. Marijn akagonga mlango: "Wewe Tjibbe, umehamia humo? Tukuletee barua zako?" Nikamjibu kila mtu ana ratiba yake. Akacheka, akakohoa, akaendelea kukohoa. Sikumjali. Nilikuwa kazini.

Sampuli imekwenda maabara jioni. Ee Mungu, nimejitahidi.

Jumanne, 21 Novemba

Kamati imekuja. Mwenyekiti ni Bi. Ankersmit, miwani yenye mnyororo, sura ya mtu aliyekwisha funga idara mbili kabla ya chakula cha mchana. Kahawa moja, biskuti moja kwa kila mgeni, kopo likafungwa. Nikasimama na karatasi zangu. Nikaeleza bomba. Bi. Ankersmit akatazama saa, akasema nchi nzima inataka kusahau, sisi tunaipa sababu gani ya kukumbuka?

Simu ya Daktari Renske ikalia. Maabara! Akafungua mchoro ukutani. Mstari umelala, umelala, halafu jana umesimama kama ule mnara wetu wa mjini uliopinda, nao umepinda vile vile. Makofi! Nililia kidogo.

Bi. Ankersmit akasema taratibu, "Kwa hiyo mgonjwa yumo humu ndani." Viti vikaanza kusogea mbali na viti vingine. Tukaamua kwa hiari wote tujipime, wageni wakitazama. Nikajiandaa kwa fedheha na utukufu kwa pamoja.

Mstari mmoja. Nimegeuza kipimo juu, chini, kwenye taa. Mmoja tu! Nimepona!

Marijn: mistari miwili, minene kama kamba za jahazi. Daktari Renske: miwili. Na wengine wawili wa dirishani.

Bi. Ankersmit akavaa barakoa akasema tangu aanze kazi hajapata kushawishika namna hii. Idara inabaki. Kisha Marijn akasindikizwa nyumbani kwa mujibu wa tangazo langu. Na maua.

Jumatano, 22 Novemba

Nafasi ya kudumu amepewa Marijn.

Daktari Renske ametangaza kwa video, akiwa kitandani, paka miguuni. Akasema bila Marijn na mistari yake minene tusingekuwa na idara. Gazeti la mji limempigia simu sofani kwake. Akawaambia kwa unyenyekevu, "Nilitoa nilichokuwa nacho." Alichokuwa nacho nilimpa mimi! Busu tatu! Nikafungua mdomo kudai haki yangu. Nikakumbuka kwamba kudai ni kukiri nilikuja kazini nikiwa mgonjwa, nikipita chini ya tangazo langu mwenyewe. Nikaufunga.

Mkataba wangu umeongezwa mpaka majira ya kuchipua. Sababu: nina afya ya ng'ombe wa Friesland, kwa hiyo nitafanya kazi za wote waliolala.

Alhamisi, 23 Novemba

Ramani ya mji imefika. Daktari Renske ameiona akakaa kitako kitandani, nywele zimesimama. Mtaa wa Bilgaard, kimya tangu kiangazi, wiki iliyopita umechomoza doa jekundu ghafla. Akauliza kwenye video nani anaweza kulieleza. Marijn, na pua nyekundu, akasema labda ni nyumba moja tu, mtu mmoja mwenye siri. Nikaangusha kalamu.

Daktari Renske akasema ni fumbo la kitafiti. Atakayelifumbua ataandika makala, na makala nzuri itazaa nafasi ya pili ya kudumu.

Nafasi ya pili! Mdomo wangu ukasema kabla yangu. Nikapendekeza tuweke mashine Bilgaard kwenyewe, njia kwa njia, bomba kwa bomba, mpaka tufike kwenye mlango wa mwenye siri. Daktari Renske: "Tjibbe, hiyo ndiyo akili." Marijn akadai hata yeye alikuwa akiliwaza. Safari hii nimewahi! Mashine inafungwa Jumatatu.

Jioni mama amepiga simu. Sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Akasema, "Mwanangu, tangu wiki ile uliyokuwa ukija kujisaidia, koo langu si langu." Nikamwambia apumzike, anywe maji ya moto. Nikamwambia pia, kwa upole, kwamba kuanzia Jumatatu choo chake asikiguse kabisa.

Akauliza, "Sasa niende wapi, Tjibbe?"

Nimelifikiria kila upande, kwa makini, na sioni kasoro. Ajaze upepo baiskeli, aje kwetu ofisini. Na abebe keki, ili mtu asiulize amefuata nini.