Bastola Ndani ya Hotipoti

Jumanne, 4 Juni
Leseni imetoka! Nimehojiwa na kamati ya mtaa, kamati ya wilaya, polisi, mpaka alama za vidole nimeacha. Mwenyekiti wa mtaa aliniuliza nataka silaha ya nini. Nikamjibu ni ya kupandia vilima. Akanitazama sana, kisha akaomba maji ya kunywa.

Bastola yenyewe fupi, mdomo mpana, risasi nene kama kidole gumba. Muuzaji kaniambia inamwangusha hata nyati. Kwenye vilima vya Kisarawe, tunakopanda kila mwezi na kikundi chetu cha hapa Wazo, sijawahi kuona nyati. Nimeona mbuzi. Lakini Elibariki, kiongozi wetu, anatembea na fimbo ya mwanzi, na kina mama wote wanasema wakiwa naye hawana wasiwasi. Fimbo! Tutaona.

Alhamisi, 6 Juni
Uwanja wa shabaha. Nimemwamkia mkufunzi, mzee mstaafu wa jeshi. Shikamoo yangu kaiitikia huku anaitazama bastola. Akaniambia mtutu mfupi na risasi kubwa vina hasira, niishike kwa mikono miwili na nikaze viwiko. Nikamwambia najua. Nikafyatua.

Mlio kama dunia inapasuka. Bastola ikanirudia, ikanigonga paji la uso. Shabaha haikuguswa. Mzee akasema angalau kuna kitu nimekipiga. Nyumbani nimemwambia mke wangu, Benedicta, kwamba nundu ni ya mlango wa bajaji. Akasema bajaji haina mlango.

Jumamosi, 8 Juni
Siku yangu! Bastola kiunoni. Kilima cha kwanza hatujakimaliza, suruali ikateremka kwa uzito. Kina mama wakageuka kutazama mandhari. Elibariki akanipa kamba ya katani, eti nijifunge. Nimekataa. Nina akili zangu. Wenzangu walipotawanyika kupiga picha nikatoa risasi zote, nikazitia mfukoni, nikaiviringisha bastola kwenye kanga ya Benedicta na kuificha ndani ya hotipoti yetu. Chapati zilishaliwa. Nimepanda kwa raha!

Nyumbani nikafungua. Wali wa nazi na mfupa wa kuku! Si hotipoti yetu! Kina mama wa mtaa wana upatu wa vyombo, na mwaka jana kila mmoja alipata hotipoti ya aina moja, nyeupe yenye maua mekundu. Leo zote zilipangwa pamoja kwenye mkeka.

Jumapili, 9 Juni
Ukipoteza silaha, leseni inakwenda. Pengine na wewe unakwenda, ndani. Baada ya ibada nimepita nyumba kwa nyumba nikisema natafuta mfuniko wetu, naomba nichungulie. Mama Mauwa kaniuliza kama namwita mwizi. Kafunga mlango.

Benedicta hajui. Naogopa kweli. Nimeapa mbele za Mungu: nikiipata naikabidhi serikalini, nanunua fimbo.

Jumatatu, 10 Juni
Nilishavaa shati la kwendea kituoni kutoa taarifa. Hodi! Tunu, mke wa Elibariki, na hotipoti mkononi. Kaomba radhi kwa kuchelewa. Alisema asingeweza kurudisha chombo cha mwenzake kikiwa kitupu, ikabidi jana aloweke mchele, leo apike vitumbua.

Nimefungua. Juu vitumbua vya moto. Chini, ndani ya kanga ileile, bastola yangu, inanukia iliki! Nimekaa mlangoni nikalia mbele ya mke wa mtu. Tunu akasema kwa upole kuwa Elibariki anasalimia, na anashauri safari ijayo nibebe maandazi. Benedicta ameona kila kitu. Nimekula vitumbua vyote. Sijawahi kuonja vitamu namna hii. Leseni ipo, bastola ipo, mie nipo!

Ijumaa, 14 Juni
Sijaikabidhi. Kile kiapo kilikuwa cha wasiwasi, Mungu ananielewa. Nimefikiri kwa utulivu na nimegundua kosa halikuwa bastola. Kosa ni hotipoti, kila nyumba inayo.

Leo Benedicta katoka kwenye upatu na ndoo ndogo nyekundu, mfuniko wa kubana. Bastola inaingia kama imepimwa! Nani mwingine atapanda kilima na ndoo nyekundu? Benedicta anaeleza kina mama walivyozifurahia za kwao, na kwamba safari ijayo wote watabebea matunda. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa najaribu mfuniko.