Gololi Ishirini na Nne za Bi Oldershaw

Rodney Catchpole alisoma ukurasa wa vifo kila Alhamisi kwa umakini ambao wenzake waliutumia kwa matokeo ya mpira. Hakuwa na mgonjwa wala msiba. Alinunua pikipiki za kale kutoka kwa wajane, na mjane, kwa utafiti wake, huwa tayari kuuza mara tu jamaa wanaporudi makwao, kabla mtoto wa kiume hajatafuta bei kwenye mtandao.

Alhamisi hiyo ya Aprili gazeti la Kidderminster lilisema: "Kwa kumbukumbu ya Harold Oldershaw, aliyetuacha klachi ikiwa juu ya meza."

Ijumaa saa nne asubuhi Rodney alikuwa jikoni kwa Bi Muriel Oldershaw, tai nyeusi shingoni. Pikipiki ilikuwa humo humo jikoni, juu ya zulia, kati ya friji na mlango wa nyuma: ya mwaka 1937, namba za injini na fremu zikilingana. Moyo wake uliruka. Uso wake ulibaki msibani. Klachi ilikuwa mezani, imefunguliwa vipande vipande, gololi zake ndogo za chuma kwenye chupa ya jamu.

"Pole sana, mama. Marehemu alikuwa fundi, naona."

"Kufungua alijua," alisema Bi Oldershaw, bibi wa miaka sabini na mitatu. "Kufunga ndiko kulikomshinda."

Alipogeuka kutafuta sukari, gololi mbili ziliingia kwenye mkono wa koti la Rodney. Zilizobaki alizihesabu kwa sauti, akizidi kusikitika.

"Ishirini na mbili. Zinatakiwa ishirini na nne. Sitakudanganya, mama." Kauli hiyo aliitumia kila siku ya kazi. "Klachi ikiwa nzima, chombo hiki ni pauni elfu kumi na moja. Hivi kilivyo, mia nne, na hapo nakuhurumia."

"Niandikie, mwanangu. Kichwa changu hakishiki namba."

Aliandika bei zote mbili, akatia sahihi. Karatasi yenye sahihi huwatuliza wajane. Hilo nalo alikuwa amelichunguza.

"Ila nilimwahidi Harold kwamba haitatoka hapa kwa kusukumwa," alisema Bi Oldershaw, akiikunja karatasi. "Itoke ikinguruma, au isitoke."

Rodney alikuwa amekwisha kuiahidi pikipiki hiyo, kwa simu akiwa njiani kuja, hata kabla ya kuiona, kwa mnunuzi wa ng'ambo, wa Utrecht. Mtu huyo angefika Jumapili na trela.

"Basi nitakufungia mwenyewe. Bure."

"Jamani. Na zile gololi mbili?"

Rodney aliingia chini ya meza, akakaa huko kwa muda wa heshima. "Tazama, mama. Zilikuwa kwenye zulia."

"Zulia hilo," alisema Bi Oldershaw, "lina njaa."

Jumamosi alirudi na pleti mpya na springi mpya, kwa fedha yake. Alipaka grisi nene ili gololi zishike, akazipanga moja moja kwa kibanio. Alipofikia ya kumi na tisa, alipiga chafya. Saba zilitawanyika sakafuni. Akaanza upya. Zikafuata ngoma ya klachi, kisha pleti, ya chuma na ya msuguano kwa zamu, kisha springi na nati zake. Akavuta mkono wa klachi. Pleti ya nje ilinyanyuka upande mmoja, kama kofia ya mlevi.

"Kaza nati ya chini nusu mzunguko," alisema Bi Oldershaw bila kuinua macho kwenye sweta aliyokuwa akifuma. "Ya kushoto ilegeze kidogo."

Alifanya hivyo, na pleti ikanyanyuka sawasawa. Mtu mwangalifu angejiuliza swali. Rodney alikuwa anafikiria Utrecht.

Saa tisa bibi alishuka ngazi amevaa koti la ngozi na helmeti. "Niisikie kwanza," alisema. Akapiga kiki moja, akapita mlango wa nyuma, akapotea. Alirudi baada ya dakika arobaini, mashavu mekundu.

"Haitelezi hata mlimani. Kazi safi."

Rodney aliweka pauni mia nne mezani. Bi Oldershaw alifungua kopo la majani ya chai, akatoa karatasi.

"'Klachi ikiwa nzima, elfu kumi na moja.' Mwandiko wako huu. Ni nzima, siyo?"

"Lakini mama, tulisema itoke ikinguruma."

"Imetoka. Imerudi." Akammiminia chai. "Gololi nilizihesabu kabla hujapiga kengele, mwanangu. Sijamwambia mtu. Sukari?"

Rodney alitazama kikombe. "Harold alifariki lini hasa?"

"Miaka tisa sasa. Namkumbuka gazetini kila Aprili. Mwaka jana alikuja bwana mmoja wa Derby, akanitengenezea breki. Mpole kweli."

Katika gazeti lile, safu ya vifo na safu ya kumbukumbu za kila mwaka hutenganishwa na mstari mmoja mwembamba. Rodney aliuona mstari huo jioni ile, baada ya kumpigia simu mtu wa Utrecht asije.

Aprili iliyofuata aliuona tena, na chini yake: "Kwa kumbukumbu ya Harold Oldershaw, aliyetuacha gia zikiwa kwenye beseni." Alilikata tangazo kwa mkasi, akalitia kwenye bahasha, akaandika anwani ya Trevor Gathercole wa Dudley, mshindani wake wa miaka kumi. Hakutia sahihi. Aliongeza tu, kwa penseli: vaa tai nyeusi.