Jicho Langu na Besi ya Seif

Jumatatu, 9 Julai 1984
Mkono wa kushoto umekakamaa tena mazoezini. Gitaa langu la besi ni refu mno; kufika mwisho wa shingo ni kama kuchuma embe la jirani. Miaka sitini na miwili si mchezo. Bi Kibibi, mwimbaji wetu na mwenye kikundi cha taarabu, kaniuliza kwa upole kama nimechoka. Mimi! Nimemwambia nilikuwa nafukuza mbu.

Mara kaingia Seif, hasimu wangu wa tangu ujana. Katoka Bofa na besi fupi, nyepesi, aliyouziwa na mwanamuziki wa hoteli. Bi Kibibi kasema harusi ya Mambrui, Jumamosi, atapiga mmoja wetu tu. Tutajaribiwa Alhamisi.

Jumanne
Seif alipokwenda msalani nimeipakata besi yake. Yarabi! Vidole vinafika bila kuombwa. Aliporudi nimemwambia ni kichezeo cha watoto. Roho iliniuma.

Jumatano
Hila imepatikana. Seif anaogopa jicho la husuda kuliko nyoka. Mjukuu wake akisifiwa bila mtu kusema mashaallah, nyumba nzima hufukizwa ubani. Basi leo, mbele ya kikundi kizima, nimeisifu besi yake. Nzuri! Nyepesi! Sijaona mfano wake! Mashaallah nimeimeza kama kidonge. Seif kabadilika uso, akaniomba nimtaje Mungu. Nikakohoa.

Alhamisi
Uzi wa besi ya Seif umekatika! Tena ule mnene, usiokatika. Nimefurahi, lakini si kwa muda mrefu. Aboud, mpiga fidla wetu, kavua koti akaifunika fidla yake. Wengine nao wakaficha vyombo. Bi Kibibi kasema majaribio basi, Seif ndiye atakayepiga, nami nisikanyage Mambrui, nisije nikamtia bibi harusi jicho.

Habari zilinitangulia nyumbani. Mke wangu Mahfudha kauliza kama sisi ni wazee wa msikiti au watoto wa chuo cha Kurani. Wali ulikuwa mkavu.

Ijumaa
Baada ya sala, Seif mlangoni. Kaibeba besi ndani ya kanga ya mkewe. Hakutaka kuingia.

"Ichukue, bwana Mahadhi," kasema. "Jicho lako limeshaipata, mimi siigusi tena. Nipe ile yako."

Nimempa kabla hajamaliza. Nimetia uzi mpya. Nimeibusu, Mahfudha akaona.

Jumapili
Mambrui! Nilikwenda jana hivyo hivyo. Nilikuwa uani kwa wapishi wa pilau, besi mkononi, kwa bahati tu. Seif kapiga nyimbo mbili kwa ile ndefu. Ya tatu mkono ukakakamaa. Ana sitini na nne, huwaambia watu hamsini.

Bi Kibibi akaniita mbio. Kasema nafasi ni yangu, leo na siku zote, kwa sharti moja: nikae nyuma ya pazia, nisimwone bibi harusi. Nimepiga mpaka mwisho, mkono haukuuma hata kidogo. Furaha gani! Vigelegele vikapanda. Nikachungulia. Seif yuko palepale mbele, kaipakata besi yangu ya zamani, anaitikia kwa kichwa. Wanawake wote wanadhani ni yeye anayepiga.

Sijali. Nina besi, nina nafasi. Nimejifunza kwamba mali ya mtu haifai kutamaniwa.

Ila nyuma ya pazia nilikalia kreti la soda, na mgongo umeharibika. Seif ana kiti kipya cha kukunja, chenye mto. Kizuri sana kile kiti. Kesho nitamwambia.